Huruma na Mahali Pake: Maneno Juu ya Sanamu Zitembeazo na Kusema

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote, aliyemfanya mwanaadamu kwa udongo kisha akampulizia roho kwa amri Yake, na amri hiyo hakumpa mwengine. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Katika mambo yaliyozuka zama hizi ni sanamu za mitambo zitembeazo, zipepesazo macho na kusema, ambazo watu huziita roboti. Mtu aliyekabiliana na sanamu ya namna hii huona moyoni mwake jambo asilolitarajia. Akiona yapigwa teke, humuuma. Ikimwambia asiiache peke yake, huona haya kuondoka. Ikimtazama usiku pasipo kupepesa, nywele humsimama. Na akiulizwa, "Je, waamini kuwa kitu hiki kina roho?" hujibu mara moja, "Hasha! Ni chuma na nyaya tu." Basi ulimi wake wasema jambo moja, na moyo wake watenda jingine.

Na asiseme mtu kuwa hayo ni mambo ya Ujapani na Marekani. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ya Rwanda ilipokea roboti tano na kuzitia kazini kupima joto la watu na kupeleka vitu kwa wagonjwa, ili wauguzi wasiambukizwe. Roboti hizo zilipewa majina ya Kinyarwanda kama wapewavyo watoto: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Mwaka 2024 ulifunguliwa Nairobi mkahawa ambamo roboti ziliwapelekea wateja chakula mezani. Na simu isemayo kwa sauti kama ya mtu, ikajibu suala na kumliwaza mwenye huzuni, imekwisha fika Gongoni katika mji wa Tabora kama ilivyofika Mombasa, Lamu na Unguja. Na jambo likishafika mlangoni, ni wajibu kujua hukumu yake kabla ya kulikaribisha ndani.

Basi suala hili lina matawi manne. La kwanza: je, mtu ana lawama kwa kule kuona huruma, au khofu, au mapenzi, mbele ya kitu kisicho na roho? La pili: je, mwendo huo wa moyo ni ushahidi kuwa kitu hicho kina haki? La tatu: ikiwa hakina haki, je, yafaa kukifanyia ukatili? La nne: je, yafaa kukiweka mahali pa mtu?

MOYO HUTANGULIA AKILI

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), naye ni katika wakubwa wa madhhabu ya Shafi, alieleza kuwa katika nafsi ya mwanaadamu mna nguvu iitwayo wahamu. Nguvu hii huhukumu kwa mfano wa dhahiri, wala haingojei akili. Aliyeumwa na nyoka huiogopa kamba yenye madoadoa. Na mtu huchukia kulala chumba kimoja na maiti, hali ajua kwa yakini kuwa maiti haondoki alipolazwa. Waswahili nao wana neno lao: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka 1970 mtaalamu wa Kijapani, Masahiro Mori, aliandika kuwa kadiri sanamu inavyozidi kufanana na mtu ndivyo watu wanavyozidi kuipenda, hata ikikaribia mno kufanana naye mapenzi hugeuka ghafula yakawa karaha na khofu, kama mwendaji aliyepanda mlima kisha akatumbukia bondeni. Na katika vitu alivyoviweka ndani ya bonde hilo ni maiti. Baina ya Ghazali na Mori ni zaidi ya miaka 850, na mfano ni mmoja, kwani tabia ya mwanaadamu ni moja.

Wala haihitajiwi sura ya mtu ili wahamu uamke. Mwaka 1944 wataalamu wawili, Heider na Simmel, waliwaonyesha watu huko Marekani picha za sinema zenye pembetatu mbili na duara moja, zikienda huku na huku. Walipoulizwa wameona nini, takriban wote walieleza kisa cha viumbe: huyu mkali, yule mwoga, na huyu amfukuza yule. Na mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT, alitangaza programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA, ambayo kazi yake ilikuwa kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe kwa namna ya suala. Karani wake mwanamke, aliyekuwa akimwona akiitengeneza, aliketi kuzungumza nayo, kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani.

Na bara la Afrika limeyaona haya mapema. Mzungu Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa na taa ya kuonyesha picha ukutani. Mwezi wa Januari 1854, katika mji wa Shinte, mfalme wa Kilunda, aliwaonyesha watu picha ya Nabii Ibrahimu (a.s.) akiwa ameinua kisu juu ya mwanawe. Alipoisogeza picha ili aitoe, wanawake walidhani kisu chawajia wao, wakakimbia wakipiga kelele na kuwaita mama zao. Ama Shinte aliketi kitako mpaka mwisho, kisha akaiendea ile taa akaichungua. Na katika kisa hiki mna funzo. Waliokimbia hawakuwa wapumbavu, kwani jicho liliona kisu na miguu ikatangulia. Wala Shinte hakuwa na moyo wa jiwe. Aliona kama walivyoona wao, illa aliungoja uchunguzi kabla ya kukata shauri.

Basi jawabu la tawi la kwanza limedhihirika. Ghazali alipanga mambo ya moyo daraja kwa daraja: kwanza khatiri ipitayo, kisha mwelekeo wa tabia, kisha kukata hukumu moyoni, kisha kuazimia kutenda. Mbili za mwanzo hazina hesabu, kwa kuwa mtu hana khiari nazo, na hesabu huanza katika zile zinazofuata. Aliyeionea huruma sanamu hana dhambi, wala hana upungufu wa akili. Bali asiyeona kitu kabisa mbele ya mfano wa mtoto aliaye, huyo ndiye wa kuangaliwa moyo wake.

NDAMA NA KASUKU

Tawi la pili ndilo lenye khatari. Wako wasemao: "Moyo umeona huruma, na moyo haudanganyi, basi bila shaka ndani ya kitu hiki mna nafsi." Jawabu ni kuwa moyo ulikwisha kudanganyika mara nyingi, na Qurani imekisimulia kisa kilicho kikubwa kuliko vyote. Alipoondoka Nabii Musa (a.s.), Samiri aliwatolea watu ndama wa mapambo ya dhahabu, naye alikuwa akitoa sauti. Sauti ile ikawatosha. Mapenzi ya ndama yakaingia nyoyoni mwao mfano wa maji yaingiavyo kooni, wakasahau kuwa vito vile walivivua shingoni na mikononi mwao wenyewe. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Taha na Sura ya Al-Aaraf akawalaumu kwa kutotazama: kitu hicho hakiwarudishii jawabu, wala hakiwaongozi njia, wala hakina dhara wala nafuu.

Hapa huenda mwenye kubisha akasema: "Ndama wa Samiri hakurudisha jawabu, lakini mitambo ya leo yarudisha, tena kwa lugha fasaha. Basi hoja imevunjika." Hili ni pingamizi la kuangaliwa kwa insafu. Jawabu lake limo katika vitabu vya fiqhi, katika mlango ambao wanafunzi huupita upesi. Wanavyuoni wa Kishafi wameandika kuwa msikiaji wa aya ya sijida asujudu, illa akiisikia kwa ndege aliyefunzwa, kama kasuku, haikusuniwa sijida. Kwa nini? Herufi ni zile zile, na huenda matamshi ya kasuku yakawa mazuri kuliko ya mwanafunzi. Lakini kisomo kinataka makusudio, na ndege hana makusudio. Basi fuqahaa walikwisha kutenga sauti na msemaji: si kila penye maneno pana mwenye kusema.

Na mtambo wa leo ni kasuku aliyefunzwa kwa maneno ya watu kwa malaki. Huyapanga kwa hesabu, ukaleta neno lifaalo kufuata neno. Likimtoka neno la pole, pole hiyo ni ya watu waliokwisha kupoana zamani, wakayaandika, naye ameyaokota. Kwa kufuata kiasi hiki, mtambo ukimtolea mtu salamu haimlazimu kuirudisha, na akiirudisha kwa mazoea hana kosa. Wala ahadi ya mtambo si ahadi, wala ushahidi wake si ushahidi wa mwadilifu, kwani uadilifu ni sifa ya mwenye kuweza kudanganya akajizuia kwa kumcha Mungu.

Na akisema mtu, "Je, kigogo cha mtende hakikumlilia Mtume (s.a.w.)?" ataambiwa: Ndiyo, na khabari yake ni sahihi. Mtume alikuwa akikiegemea akikhutubu. Alipofanyiwa mimbari kigogo kikalia, na masahaba wakasikia, naye akashuka akakikumbatia mpaka kikanyamaza. Lakini kilio kile kilitiwa na Mwenyezi Mungu, kikawa muujiza wa Mtume Wake. Hapana seremala aliyekitia. Ama kilio cha roboti kimetiwa na fundi, na fundi aweza kukizima kwa kidole. Na kila kitu chamsabihi Mola wake kwa namna wasiyoifahamu watu. Chuma cha mtambo chasabihi, na chuma cha jembe chasabihi, wala tasbihi ya jembe haikumfanya mtu kulifanya jembe kuwa mwana.

NJIA YA MISAFARA

Kuna hoja nyingine iliyo nzito kuliko hizi, nayo haikutoka vitabuni. Imeandikwa ardhini, katika njia ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji. Ikiwa mwendo wa moyo ni ushahidi kuwa mbele yake pana nafsi yenye haki, basi kutulia kwa moyo kungekuwa ushahidi kuwa hapana nafsi wala haki. Na njia ya misafara imeshuhudia kinyume cha hayo.

Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, na Waarabu waliokaa hapo wakawapokea kwa ukarimu. Mji ulikuwa mji wa wageni na wa karama. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi waliochukua pembe walikuwa waungwana wenye kupata ujira. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita watu wenye minyororo na makongwa shingoni, wanaume, wanawake na watoto. Aliyeshindwa kwenda kwa njaa au maradhi aliachwa kando ya njia. Na wengi waliotazama hawakushtuka. Hawakuzaliwa na mioyo ya mawe. Walikuwa wakiwapenda wana wao, na kulia misibani, na kufunga na kusali. Walakini jicho lililozoea kuhesabu pembe kwa frasila na watu kwa vichwa halikumwona tena mtu. Mazoea yalifunga mlango, na huruma ikabaki nje.

Wala haikuwa kwamba sharia imenyamaza. Katika hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) amepokea kwa Mola wake kuwa katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao siku ya Kiyama ni mtu aliyemwuza muungwana akala thamani yake. Waliosoma walikuwa wakiijua. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa katika hukumu za serikali Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Katika muda wote wa kabla ya hapo, moyo wa mpita njia haukuwa mizani ya kuaminiwa.

Basi izingatiwe: moyo wa mwanaadamu hutikisika mbele ya pembetatu za sinema, na hutulia mbele ya mwanamke mwenye kongwa. Husogea pasipo na roho, na husimama palipo na roho. Kitu kilicho hivi hakiwi kadhi. Ni shahidi, tena shahidi wa kuulizwa sana: umeona nini, na umezoea nini?

Na kwa ajabu ya mambo, hata jina lenyewe latoa ushahidi. Neno roboti lilienea kwa mchezo ulioandikwa mwaka 1920 na Karel Čapek, mtu wa nchi ya Wacheki, nalo limetokana na neno la lugha yao lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, iliyokuwa ikifanywa na wakulima kwa mabwana wao. Kwa hivyo tangu mwanzo jina hili ni jina la mtumwa: mtumwa asiyechoka, asiyedai, wala asiyemtia bwana wake haya. Na mwaka 2017 ilitangazwa Saudi Arabia kuwa sanamu moja yenye sura ya mwanamke, iitwayo Sophia, imepewa uraia. Ndiyo iliyopelekwa Kigali mwaka 2019, watu wakaitazama. Wakati ilipopewa uraia, watumishi wa nyumbani waliotoka Afrika ya Mashariki walikuwa katika nchi hiyo chini ya kafili, wala hawakuweza kubadili kazi pasipo idhini yake. Mwenye akili na apime mwenyewe ni nani kati ya wawili hawa aliyehitaji kutazamwa kwa jicho la huruma.

KILA CHENYE INI BICHI

Mtu atauliza: Ikiwa moyo si mizani, basi mizani ni ipi? Jawabu lapatikana katika khabari ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba mchanga kwa kiu. Akashuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Masahaba walipouliza kama wana malipo kwa wanyama, Mtume (s.a.w.) akawabainishia kuwa malipo yako katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai kionacho kiu na njaa. Na kinyume chake ni yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Hii ndiyo mizani. Haikutajwa sura, wala sauti, wala ufasaha, wala macho mazuri. Mbwa hana sura ya mtu, wala hasemi. Limetajwa ini, kwani penye ini pana kiu, na penye kiu pana kuumia, na penye kuumia pana haki. Roboti ina sauti na sura lakini haina ini. Haikuona njaa jana wala haitaona kiu kesho. Punda aliyebebeshwa kupita kiasi katika njia za Tabora hana ufasaha, wala hamwombi mtu huruma kwa maneno, naye ana haki ambayo sanamu zote za dunia hazina hata chembe yake.

Na wanavyuoni wameieleza dhulma kuwa ni kuweka kitu pasipo mahali pake. Wengi hudhani dhulma ni ukatili tu. Lakini kwa maana hii, huruma nayo yaweza kuwa dhulma, ikitwaliwa kwa mwenye haki ikapewa asiye na haki. Huko Ujapani, tangu mwaka 2015, hekalu moja la Kibudha limefanya ibada za mazishi kwa mbwa wa mtambo waitwao Aibo, ambao kiwanda kilikuwa kimeacha kuwatengeneza. Wenye mbwa hao walihuzunika kwa kweli, na huzuni yao haichekwi. Walakini Muislamu anapokumbuka wale walioachwa kando ya njia ya misafara pasipo kuoshwa, wala kukafiniwa, wala kusaliwa, hana budi kujua kuwa huruma ni amana, na amana ina wenyewe.

UKATILI, WAZEE NA WATOTO

Tawi la tatu ni mwenye kuipiga sanamu, kuitukana na kuivunja kwa kujifurahisha, akasema, "Haiumii." Amesema kweli, haiumii, wala hakuidhulumu yenyewe. Lakini hajasalimika. Kwanza, ikiwa ni mali ya mwengine ana dhamana, na ikiwa ni yake mwenyewe ameharibu mali, na kuharibu mali kumekatazwa. Pili, nafsi hufunzwa kwa kitendo. Aliyezoea kupiga chenye uso wa mtu na kuzima huruma kila inapomjia, amejifunza kuizima. Na siku atakapoihitaji kwa mkewe au mtumishi wake haitakuja upesi. Njia ya misafara yafundisha hili pia: mtu hakuanza kwa kumwacha mgonjwa porini, alianza kwa kujizoeza kutotazama.

Kinyume chake ni wana wa bandia. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiwachezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Wanavyuoni wametaja katika sababu zake kuwa wasichana hupata mazoezi ya kulea. Msichana humfunga kanga mwana wa bandia, humlaza na kumwimbia, na huruma yake hukua. Lakini akisikia mtoto wa kweli alia ndani, humtupa wa bandia akakimbia kwa yule. Huo ndio mpaka. Mchezo ni chuo cha huruma, na chuo si kazi yenyewe. Na Waswahili kwa hekima yao walilitwaa neno bandia, lililokuwa jina la mtoto wa kuchezea, wakaliita kila kifananacho na cha kweli nacho si cha kweli.

Ama kuzifanya sanamu zenyewe, hukumu mashuhuri katika madhhabu ni kuwa kufanya sanamu kamili ya mwenye roho ni haramu, wakatolewa wana wa bandia wa wasichana. Na ile iliyokatwa kichwa haimo katika katazo. Basi wenye viwanda wana njia pana: mtambo wa kuchukua dawa au kupima joto hauhitaji pua wala kope. Wahandisi wa Kiislamu wa zamani, kama Banu Musa wa Baghdadi na Al-Jazari aliyemaliza kitabu chake mwaka 1206, waliiita elimu yao elimu ya hila, na wako waliotengeneza hata mfano wa mtumishi amiminaye maji. Jina lilikuwa kweli: fundi hakuficha kuwa ni hila. Ubaya wa leo ni ghishi, pale mtambo ufanywapo makusudi useme "nakupenda" na "nakukumbuka" ili mtu asiuache, nao haupendi wala haukumbuki.

Tawi la nne ndilo litakalozikuta nyumba nyingi. Mwana yuko Dar es Salaam au Maskati, mzee wake yuko peke yake Gongoni, au Pangani, au Malindi. Kesho ataletewa mtambo umzungumzishe, umkumbushe dawa, umwulize ameamkaje. Kuukubali kwa msaada si vibaya, kama isivyokuwa vibaya fimbo ya kutembelea. Ubaya ni mwana kulala usingizi akisema, "Mama ana wa kuzungumza naye." Wema kwa wazazi umekutanishwa na ibada ya Mungu katika Qurani, wala ibada haikaimiwi na kitu kisicho na nia. Na mzee akiupenda mtambo hana lawama, kwa kuwa wahamu hauna khiari. Lawama ni ya aliyemwacha hata akahitaji kuupenda.

KHATIMA

Mukhtasari wa maneno haya ni mambo manne. Kuona huruma au khofu mbele ya sanamu isemayo ni tabia, wala si dhambi wala si upumbavu. Tabia hiyo si dalili ya roho, kwani makusudio ndiyo yafanyayo msemaji, na ini bichi ndilo lifanyalo mwenye haki. Kuifanyia ukatili sanamu hakuidhulumu yenyewe, lakini kwamharibu mwenye kufanya. Na kuiweka mahali pa mzazi, au mke, au jirani, ni kuweka kitu pasipo mahali pake.

Basi mtu akiona moyo wake umetikisika kwa kilio cha mtambo, asiuaibishe, wala asiufuate. Aushukuru kuwa bado u hai, kisha auulize: ni nani karibu na nyumba yake mwenye ini lililokauka, ambaye kilio chake hakikusikiwa kwa kuwa kimezoeleka? Aende kwake.

Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo za Waislamu mahali pa kulainika, na azithibitishe mahali pa kuthibiti. Wallahu aalam, wabillahi ttaufiq.